Moto hauachwi: msimu wangu wa kwanza wa kugema mepo Vermont

Tangu Idi ya mwaka 2024 nilipogawa chupa za shira ya mepo pale msikitini, simu hazijakoma. Watu wa kwetu tunaoishi huku Marekani katika jimbo la Vermont, Watanzania, Wakongo, Wasomali Bantu wanaosema Kiswahili, wote wanauliza swali moja: na sisi tunaweza? Mnaweza. Ila msianze kama nilivyoanza mimi. Naandika yote hapa, hela zilizotoka mfukoni na usiku ule niliokaa chini kwenye theluji nikalia, ili atakayeingia msituni baada yangu ajue anachokiendea.

Kwa aliye Pangani au Kigoma ambaye hajawahi kuuona, mepo, Waingereza huuita maple, ni mti mkubwa wa nchi za baridi. Majira ya baridi yanapoelekea ukingoni, usiku unaganda na mchana unayeyuka, na kule kuganda na kuyeyuka ndiko kunakoyasukuma maji ndani ya mti. Ukitoboa tundu dogo, yanadondoka. Ukiyatazama utasema ni ya kisima, na utamu wake ni wa mbali, kama dafu lililozimuliwa. Sukari yake ni kama asilimia 2 tu. Unayachemsha mpaka sukari ifike karibu asilimia 67, ndipo unapata shira. Hesabu ya haraka wanayoitumia wenyeji ni hii: chukua 86, gawa kwa asilimia ya sukari iliyomo kwenye maji yako. Maji ya asilimia 2 yanakupa 43, yaani lita 43 za maji kwa lita 1 ya shira. Waabenaki, wenyeji wa nchi hii, walikuwa wakiyachemsha kabla Mzungu hajakanyaga huku. Leo Vermont peke yake inatoa karibu nusu ya shira yote ya mepo ya Marekani.

Mimi ni mtoto wa mgema. Baba yangu alipanda minazi Pangani alfajiri na jioni, kotama kiunoni, na nilijua tangu udogoni kwamba tembo likilala linakuwa kitu kingine. Kwa hiyo nilipopata kazi ya kukamua ng'ombe katika shamba moja wilaya ya Franklin, nikamsikia mzee mwenye shamba akisema msitu wake wa mepo umekaa bure tangu magoti yake yagome, moyo ulinidunda. Nikamwomba anikodishie. Tukakubaliana dola 1 kwa kila tundu, matundu 250. Sikulala usiku ule kwa furaha.

Hela zilikwenda hivi. Jiko la kuchemshia lililotumika, la upana wa futi 2 na urefu wa futi 6, lenye makarai mawili, la nyuma na la mbele, dola 2,800. Mipira ya kupitishia maji na mirija yake, dola 1,900. Tangi la chuma cha pua lililowahi kuwekea maziwa, 600. Chupa, 350. Vyujio, kipimajoto, haidromita ya kupimia uzito wa shira, na vikorokoro, 300. Kodi ya msitu, 250. Jumla dola 6,200, akiba ya miaka miwili ya mimi na mke wangu, kabla hata tone moja halijadondoka. Kuni alinipa mzee bure, zilizokauka miaka miwili bandani, kiasi cha mita 11 za ujazo. Msizichukulie kuni poa. Kuni mbichi hazichemshi, zinatoa moshi tu. Na ukiuziwa ndoo za zamani za bati, za kukinga maji mtini, usizinunue. Nyingi ziliungwa kwa madini ya risasi, na hiyo ni sumu.

Kosa la kwanza lilikuwa la kalenda. Niliambiwa kwamba desturi ya huku ni kutoboa Jumanne ya kwanza ya Machi, siku ya mikutano ya vijiji. Mwaka 2024 ilikuwa tarehe 5. Nikangoja kwa adabu, kama mtu anayengoja mwezi uandame. Baridi ya mwaka ule ilikuwa dhaifu mno, na katikati ya Februari nilikuwa nikipita barabarani naona mvuke mweupe ukitoka kwenye mapaa ya mabanda ya jirani. Wenzangu wanachemsha, mimi mipira yangu bado imo ndani ya boksi! Nilipomuuliza mzee, akanisimulia Machi ya mwaka 2012, joto lilipopanda hadi kama nyuzi 27, watu wanatembea na fulana, na msimu ukafa kabla haujakomaa. Tangu hapo, akasema, yeye hafuati tarehe, anafuata utabiri wa siku kumi: usiku kama nyuzi 4 chini ya sifuri, mchana kama 5 juu yake. Ukiuona mfululizo huo unakuja, uwe umeshatoboa. Nakadiria nilipoteza theluthi nzima ya maji ya mwaka ule kwa kungoja.

Kutoboa kwenyewe ndiko nilikokupenda kuliko kazi yote. Mti uwe na kipenyo kisichopungua sentimita 25 hadi 30, chini ya hapo uache ukue. Nilishika kekee ya betri yenye ncha ya milimita 8, nikaielekeza juu kidogo ili tundu litiririke lenyewe, kina kama sentimita 4, basi. Tazama unga unaotoka. Ukiwa mweupe kama nazi iliyokunwa, uko kwenye mti hai. Ukiwa wa kahawia, umeangukia kovu la zamani au mti uliokufa ndani, na tundu hilo halitakupa kitu. Nenda pembeni, usitoboe juu wala chini ya kovu, maana jeraha la mepo linapanda na kushuka kwa kufuata nyuzi za mti. Kisha mrija unaugonga kwa nyundo ndogo. Sauti ya kwanza ni kavu, tok, tok. Inapobadilika ikawa nzito, acha hapo hapo. Mimi niliongeza pigo moja la "kuhakikisha" kwenye miti kama arobaini, nikapasua mbao, maji yakavuja pembeni ya mrija yakaenda zake ardhini msimu mzima.

Halafu wapo kindi. Wanatafuna mipira. Kila asubuhi ilibidi nifuate mistari ya mipira kwa miguu, theluji ya magotini, nikitafuta panapovuja. Kindi mmoja anaweza kukutoboa mahali kumi na mbili kwa usiku mmoja. Beba mfukoni viungio na kisu, na tembea kila siku. Mstari ambao hukuutembelea ndio unaovuja.

Mara ya kwanza kuchemsha ilikuwa Jumamosi ya tarehe 9 Machi. Mke wangu na watoto walikuja kutoka mji wa Winooski. Nilipouona mvuke wa kwanza unajaa bandani, wenye harufu ya vanila na kuni, nikamkumbuka baba mpaka koo likakaza. Maji yanaingia karai la nyuma, yanasogea taratibu kuelekea la mbele yakizidi kuwa mazito na ya rangi. Mapovu yanabadilika. Mwanzo ni makubwa, yanapasuka ovyo, mwisho yanakuwa madogo na mengi, yanaumuka kama maandazi, na kichembe cha siagi kisichozidi punje ya harage kinayatuliza mara moja. Chovya mwiko bapa, uinue. Shira ambayo haijaiva inadondoka tone tone. Iliyoiva inaungana ukingoni, inaning'inia kama upindo wa pazia.

Hayo ya mwiko niliyajua baadaye. Siku ile niliamini kipimajoto, na hapo ndipo kosa la pili. Nilisoma kwamba shira inaiva kwenye nyuzi 104. Nikachemsha mpaka 104, lita 22, nikajaza chupa kwa fahari. Baada ya wiki mbili chini ya kila chupa kulikuwa na mawe ya sukari, magumu, yanang'aa kama chumvi ya mawe. Ukweli ni kwamba shira inaiva nyuzi 4 juu ya pale maji ya kawaida yanapochemka mahali pako, siku hiyo hiyo. Banda letu liko mlimani, na shinikizo la hewa hubadilika na hali ya hewa. Nilipopima, maji yalichemka kwenye 98.7. Shira yangu ilipaswa kutoka kwenye 102.7. Niliifungua yote, nikaiyeyusha upya na maji ya mepo, nikaichuja tena. Siku mbili za kazi zilizopotea. Chemsha sufuria ya maji kila asubuhi upime, kisha thibitisha kwa haidromita. Wala usikosee upande wa pili, kwa sababu shira nyepesi inaota ukungu.

Mfungo ulianza tarehe 11 Machi. Nilikuwa nimefunga mbele ya karai la sukari saa kumi kwa siku, na sitasema ilikuwa rahisi, lakini mwili unazoea. Nilichoshindwa kukizoea ni kuchemsha bila kuonja. Tutarudi hapo.

Wiki ya pili ya Ramadhani maji yalikuja kwa wingi, karibu lita 900 kwa siku moja. Jiko langu linakausha kama lita 100 kwa saa, kwa hiyo nilijua nitakesha. Nilikuwa peke yangu. Mke wangu alinipakia futari garini: tende, chupa ya uji wa pilipili manga, viazi vitamu. Gari liko barabarani, mita kama mia mbili, kwa sababu njia ya bandani ilikuwa matope matupu. Magharibi ilipoingia nikapakia kuni, nikatazama karai la mbele, kina cha vidole viwili, sawa. Nikasema dakika kumi. Nikatembea, nikafungua kwa tende tatu, nikanywa kikombe cha uji, nikaswali pembeni ya gari.

Nilipogeuka, mvuke uliotoka kwenye paa haukuwa mweupe tena. Ulikuwa wa kahawia, kisha mweusi.

Jua likizama huku baridi inashuka kama kisu. Bomba la kutoka kwenye tangi lililoko nje lina kiwiko kimoja ambacho sikukifunika, na maji yakaganda pale pale. Jiko likaendelea kuchemsha, maji mapya hayaji. Karai la mbele likakauka, shira ikashika moto. Sikuwa na ndoo ya maji karibu. Nilichukua koleo nikatupia theluji, koleo la kwanza, la pili, la tano, ikapiga kelele kama mafuta yaliyomwagiwa maji, na chuma kikajikunja mbele ya macho yangu kama karatasi. Maungio yakaachia. Kilichobaki ni kitu cheusi, kinanuka uchungu, kigumu kama lami, na chini yake lita kama 12 za shira ambazo zingekuwa chupa 24.

Nilikaa kwenye theluji mlangoni. Nililia kweli. Siyo kwa karai peke yake. Nilimwona baba juu ya mnazi, hajawahi kuacha kibuyu kikafurika hata siku moja, na mimi nimeacha moto.

Mzee alikuja na tochi, aliuona moshi kutoka dirishani. Hakunigombeza. Alilitazama karai, akasema kila mchemshaji anayemjua ameunguza moja, na wengine wameunguza na banda. Halafu akanionyesha ndoo yake ya zamani, bado imetundikwa kwenye msumari pembeni ya jiko. Kazi yake moja tu: ijae maji ya mepo muda wote, ikitokea unamimina. Ndoo ilikuwa pale tangu siku ya kwanza, tupu, na mimi nilikuwa nikiwekea glavu. Karai jipya, dola 900, na siku sita za kulingoja huku maji yakimwagika.

Sasa la kuonja. Joto lilirudi mwishoni mwa Machi, na vichipukizi vya mepo vikaanza kuvimba. Wenyeji wanasema maji ya mwisho ni maji ya vyura, kwa sababu yanakuja wakati vyura wadogo wa mabwawani wanaanza kulia usiku. Rangi ya shira huwa inazidi kuiva kadiri msimu unavyosogea, kutoka dhahabu hadi nyeusi kabisa, na hilo si ubovu. Ipo mikate na nyama zinazotaka ile nyeusi. Lakini mti ukishaanza kuchipua, maji yanabeba ladha mbaya ambayo haionekani kwa macho wala kwa haidromita. Ulimi tu ndio unaoijua. Nilichemsha lita 30 mchana, nimefunga, sikuonja, nikazifungia kwenye madebe. Usiku mke wangu akatia kaimati kwenye hiyo shira. Tulitafuna moja, tukaangaliana. Ilikuwa kama kabichi iliyochemshwa ikalala.

"Kwa nini hukuonja?" akaniuliza.

"Nimefunga, mke wangu."

"Sisi wapishi tunajuaje chumvi Ramadhani? Unagusisha ncha ya ulimi, unatema. Mama yako hakukufundisha?"

Lita zote 30 nilimpa mnunuzi wa jumla anayezipeleka viwandani, kwa dola 70.

Tarehe 8 Aprili jua lilipatwa, na wilaya yetu ilikuwa ndani kabisa ya kivuli. Magari yalitoka kusini tangu asubuhi, barabara zote zikajaa. Binti yangu ndiye aliyepata wazo la kuweka meza kando ya barabara. Ilipokaribia saa tisa na nusu alasiri giza lilishuka, ndege wakanyamaza, baridi ikatupitia, tukasali sala ya kupatwa jua pale pale kwenye nyasi zilizolala. Siku ile tuliuza chupa 46 za nusu lita, dola 12 kila moja.

Hesabu ya mwaka wa kwanza, kwa anayetaka kujua: shira nzuri lita 70. Chupa 110 ziliuzwa, 20 niligawa Idi, 10 tukala wenyewe. Ziliingia dola 1,320, na zile 70 za madebe. Zilitoka 7,100. Vifaa vimebaki, ni kweli, lakini anayeniambia kazi hii inalipa mwaka wa kwanza, mwambie aje tukae na daftari.

Mwaka 2025 nilitoboa wiki ya tatu ya Februari. Ramadhani ilianza tarehe 1 Machi, ikachukua karibu msimu wote, kwa hiyo nilitafuta mtu wa pili kabla sijatafuta hata kuni. Jirani yangu ni Mkongo wa Uvira, Mkristo, hafungi. Tuligawana: nusu ya shira ni yake, nusu ni yangu, na kila magharibi moto ni wake. "Enda ukule, mi nabaki na moto," ananiambia, anavuta kiti mbele ya karai la mbele na hainuki mpaka nirudi. Kiwiko cha bomba nimekifunga blanketi. Ndoo msumarini imejaa. Naonja kwa ncha ya ulimi, natema nje kwenye theluji. Tulipata lita 205, na karai ni lile lile.

Mirija tuliing'oa katikati ya Aprili, vichipukizi vilipovimba, kwani tundu halianzi kufunga vizuri likiwa limezibwa. Mipira tuliisuuza kwa maji ya moto siku hiyo hiyo, kabla utando haujaota ndani. Agosti nilirudi msituni na chaki. Matundu mengi ya mwaka 2024 yamefunga, unagusa kwa kidole unakuta mdomo wa gome umekutana katikati. Ile miti arobaini niliyoipiga pigo la ziada bado iko wazi, imepasuka chini na juu. Hiyo nimeichora duara, na mwaka ujao siigusi.